Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Marseille, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Nianze na yale mnayoyajua. Kikao cha Januari kilifanyika. Futari ya pamoja ilifanyika. Madarasa ya Kifaransa ya Jumamosi yaliendelea, isipokuwa wiki tatu ambazo ukumbi ulivuja. Tulifiwa mara mbili na mchango ulifika. Watoto wanne walifaulu mitihani, tunawapongeza. Hayo yanatosha, maana najua mmekuja kusikia habari ya basi la safari yetu.

Mwaka jana mliniachia nichague mada ya kipindi chetu cha sinema na tamthilia, nami nikamchagua mwigizaji Gérard Philipe. Tangu siku hiyo kumekuwa na minong'ono: mbona mwaka mzima kwa mtu mmoja, Mfaransa, aliyekufa 1959? Mwenzetu mmoja alisema kwenye kundi letu la simu kwamba mwenyekiti ameoa Ufaransa. Nitajibu hapa, mbele ya watu, si kwenye simu.

Philipe alizaliwa Cannes tarehe 4 Desemba 1922. Sisi tunaishi Marseille, kwa hiyo ni mtoto wa pwani hii hii. Mwaka 1945, akiwa na miaka 22, alicheza Caligula katika tamthilia ya Albert Camus pale Paris na mji ukamjua. Mwaka 1947 filamu ya Le Diable au corps ikamfanya nyota, na Fanfan la Tulipe ya 1952, ile ya panga na farasi tuliyoionyesha Machi, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni sita Ufaransa peke yake. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, na wawili walilala.

Kilichonifanya nimchague si uzuri wa sura, ingawa akina mama walisema wanaelewa. Ni kwamba akiwa tayari na jina kubwa, alijiunga na kundi la tamthilia la mwongozaji Jean Vilar, Théâtre National Populaire, lililotaka wafanyakazi wa kawaida nao waingie tamthilia kwa bei wanayoiweza. Mwanzo Vilar alipompa nafasi katika Le Cid, tanzia ya Corneille, Philipe alikataa, akidhani tanzia haimfai. Baadaye akamfuata Vilar mwenyewe kumwambia yuko tayari. Alipokea mshahara wa kundi, mdogo mno kuliko wa sinema, na kwenye mabango jina lake lilipangwa kwa alfabeti kama la mwingine yeyote. Nyota, lakini yuko kwenye herufi P! Hapa kwetu kuna watu waligomba kwa sababu majina yao hayakutangulia kwenye tangazo la futari.

Avignon, Julai 1951, alianguka jukwaani wakati wa mazoezi akaumia goti. Le Cid akaicheza hivyo hivyo, amekaa. Nataja hili kwa ajili ya wale walioniandikia asubuhi ya safari kwamba wana mafua.

Sasa nije kwenye habari ya basi. Ni kweli, fedha zilitengwa kwa sherehe ya Siku ya Kiswahili, 7 Julai. Ni kweli pia kwamba mimi na katibu tuliamua zitumike kwenda Ramatuelle, alikozikwa Philipe. Mweka hazina hakukubali, na ameandika hivyo kwenye kumbukumbu. Ni haki yake. Lakini hadi Juni waliothibitisha kuja kwenye sherehe walikuwa tisa. Pilau ya watu tisa haihitaji ukumbi. Tukakodi basi la viti 52. Tulisafiri watu 19, sita wakiwa watoto. Dereva aliniuliza kama wengine wako kwenye basi la pili.

Waliokuja hawajajuta. Kaburi ni la kawaida kabisa, majani yamelizunguka, na mkewe Anne amelazwa hapo hapo tangu 1990. Philipe mwenyewe alikufa kwa saratani ya ini tarehe 25 Novemba 1959, siku chache kabla ya kutimiza miaka 37. Ugonjwa wake hakuambiwa. Mkewe aliubeba peke yake. Philipe alizikwa na vazi la jukwaani la Le Cid. Mama mmoja wetu alisoma dua na wote tukanyamaza, hata watoto.

Kuna aliyeuliza kuhusu baba yake Philipe. Ndiyo, baba alishirikiana na Wajerumani, baada ya vita akahukumiwa kifo bila kuwepo, akakimbilia Hispania. Mwana, Agosti 1944, alikuwa miongoni mwa waliopigania Hôtel de Ville, jengo la manispaa, mjini Paris. Kila mtu abebe mzigo wake.

Tena Philipe alikuwa mwenyekiti wa chama cha waigizaji. Mwaka 1957 aliandika makala yenye kichwa kinachosema waigizaji si mbwa. Wenyeviti nao si mbwa, ndugu zangu.

Usiku wa Oktoba vijana waliigiza kipande cha Le Cid kwa Kiswahili, tafsiri yangu mwenyewe, usiku tatu sikulala. Pale baba anapomuuliza mwanawe Rodrigue kama ana ushujaa, Kifaransa kinasema «moyo». Mzee wetu wa Bukavu alitaka «Rodrigue, una moyo?», wa Mombasa akasema hapana, «Rodrigue, u mwanamume?» Tulibishana saa nzima. Tukabaki na moyo.

Hesabu: ada euro 690, sambusa za sokoni 1,120, salio la nyuma 415. Matumizi: safari 1,050, ukumbi 480, projekta 120, misiba 300. Zimebaki 275. Chai ya dereva nilitoa mfukoni, sijadai. Wanachama ni 64, waliolipa ada ni 23. Waliobaki 41 wanadaiwa euro 1,230, ambazo zingetosha basi na pilau, na leo tusingekuwa na ugomvi.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya sherehe ya 7 Julai, kupata ukumbi usiovuja, na pengine kwenda Avignon kwa treni, kila mtu na tiketi yake.

Aliyechukua sufuria kubwa baada ya futari airudishe kwa katibu.

Mwenyekiti