Tozo ya Manhattan na uzito wa saini ya serikali

Ndugu Mhariri,

Kesi ya MTA, shirika la treni na mabasi la New York, dhidi ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, kuhusu tozo ya magari yanayoingia katikati ya Manhattan, inasimuliwa mno kama ugomvi wa Rais Trump na Gavana Hochul wa jimbo la New York. Mimi ninaishi Bronx, na ni mmoja wa wanaopanda treni hizo. Kinachonitia hofu ni kingine: serikali ikishatia saini, je, saini hiyo inashika?

Tozo hii haikuzuka usiku mmoja. Bunge la jimbo liliipitisha mwaka 2019. Novemba 2024 serikali kuu ilitia saini mkataba wa kuiruhusu, na tarehe 5 Januari 2025 magari madogo yakaanza kulipa dola 9, saa za msongamano, kuingia Manhattan kusini ya Mtaa wa 60. Tarehe 19 Februari Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy akaandika barua ya kufuta kibali. MTA ilikwenda mahakamani siku hiyo hiyo.

Waziri anadai kwamba madereva hawakuachiwa njia ya bure, na kwamba kiwango kilipangwa kutafutia treni fedha badala ya kupunguza foleni. Ni hoja za kujadiliwa, lakini mahali pake palikuwa kabla ya saini. Aprili, mawakili wa serikali yenyewe waliiweka kwa makosa kwenye jalada la kesi hati yao ya ndani iliyoeleza udhaifu wa msimamo wa waziri.

MTA inategemea mapato haya ili ikope dola bilioni 15. Nani atakopesha, ikiwa barua moja inaweza kukausha chanzo cha malipo? Fedha hizo ndizo za kuweka lifti katika vituo ambako leo mzee mwenye magongo anapanda ngazi hatua kwa hatua, za kubadilisha mitambo ya ishara za treni, baadhi yake ya tangu miaka ya 1930, na za kufikisha reli ya Second Avenue hadi Mtaa wa 125, Harlem.

Mei 2025 Jaji Lewis Liman aliizuia wizara kuliadhibu jimbo kwa kuendelea kutoza. Alifanya vyema. Waziri asiyeutaka mpango huu aende Bunge la Marekani, aombe sheria ibadilishwe, nasi tusikie hoja zake hadharani.

Msomaji wako,
Bronx, New York