Bondia na astaafu kabla hajazomewa

Mhariri,

Majuzi hapa Dodoma nilimtazama ulingoni bondia niliyemshabikia tangu ujana wangu. Raundi ya tatu tu alikuwa akihema mdomo wazi, mikono imeshuka hadi kiunoni. Vijana nyuma yangu wakamzomea. Hawakumwona enzi zake, alipokuwa akikwepa ngumi kwa kuinamisha kichwa tu. Kwao yeye ni yule mzee aliyeangushwa. Iliniuma sana.

Hata Muhammad Ali yalimkuta. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alichakazwa na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, hadi wasaidizi wa Ali kwenye kona yake wakasimamisha pambano baada ya raundi 10. Mwaka uliofuata akarudi, akapigwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 akagundulika na ugonjwa wa Parkinson. Jina lake lilisalimika kwa kuwa alikuwa Ali. Huyu bondia wetu wa mtaa wa Majengo nani atamkumbuka kwa mema?

Siwalaumu mabondia. Wengi hawana kazi nyingine, na promota akija na laki kadhaa mkononi, ada za watoto zinasubiri, utakataaje? Naomba aliyevuka miaka 35 asipewe kibali bila vipimo vya ubongo, na mapromota wamtengee kiinua mgongo.

Mpenzi wa ngumi,
Chang'ombe, Dodoma