Mdogo wangu, fungua Notepad kwanza

Mdogo wangu,

Uliniuliza ujiunge na kozi gani ili utengeneze ukurasa wako wa wavuti, nikakuahidi kukuandikia. Barua yenyewe ndiyo hii, nimeiweka hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza.

Kozi iache kwanza. Fungua Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, ile ile unayobandikia namba za simu zisipotee, kisha andika:

<h1>Karibu kwangu</h1>
<p>Hapa naandika ninayoyapenda.</p>

Lihifadhi faili kwa jina index.html, halafu libofye mara mbili. Kivinjari, kama Chrome, kitafunguka na maneno yako yatakuwa humo, ya juu makubwa yaliyokolea, ya chini ya kawaida. Hujalipa, hujaomba ruhusa, na hata intaneti hujaihitaji.

Kama badala yake imefunguka Notepad tena, usishike kichwa. Windows ina tabia ya kuficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo lako huenda linaitwa index.html.txt. Mimi jambo hilo lilinilia jioni nzima. Unapohifadhi, kwenye aina ya faili chagua aina zote.

Hivyo vialama ndivyo tagi za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Moja inafungua, yenye mkwaju (alama hii: /) inafunga. Usitishwe na wingi wake: Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, orodha yake ya mwaka 1991 ilikuwa na tagi 18 tu. h1, p na a ya kuwekea viungo zilikuwemo, na bado tunazitumia. Ya picha haikuwemo, ilikuja baadaye.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitesa kuliko yote. Kivinjari hakikuambii kwamba umekosea. Siku moja nilitaka jina langu tu likolee, nikafungua <strong> nikasahau kuifunga. Ukurasa mzima ukanenepa hadi mstari wa mwisho, na kivinjari kimya, kama mgeni anayekula chakula kisicho na chumvi kwa kuogopa kumuudhi mwenyeji. Kinakisia ulichokusudia, kinaendelea. Ndiyo maana nakusihi uandike mistari miwili mitatu, uhifadhi, uonyeshe ukurasa upya, utazame. Ukiandika hamsini kwa mkupuo, utatafuta mkwaju mmoja kama sindano iliyoanguka mchangani.

Picha nazo zina vituko vyake. Utaandika hivi:

<img src="mimi.jpg" alt="Mimi nikicheka">

Yaliyo kwenye alt ndiyo atakayosomewa asiyeona, kwa hiyo usiandike "picha" ukaridhika. Na jina la faili liandike kama lilivyo, herufi kwa herufi. Kwenye Windows, Mimi.JPG na mimi.jpg ni kitu kimoja. Kwenye seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa mtandaoni, ambazo zinatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, ni vitu viwili. Mimi niliwatumia rafiki zangu kiungo huku nikijisifu, kumbe sura yangu naiona peke yangu. Wao waliona kikaratasi kilichochanika.

Rangi na mapambo ni kazi ya CSS, lugha nyingine inayoandamana na HTML. Wiki hii usiiguse. (Najua utaigusa.) Ukiona ukurasa wa mtu umekupendeza, bonyeza Ctrl na U uone tagi zake. Nyingi zitakuchanganya, ila p na a utazitambua, na siku hiyo utajisikia kama mtoto aliyeanza kusoma mabango ya barabarani.

Ukikwama niletee faili lenyewe, si picha ya skrini. Kwenye picha nitaona tu kwamba ukurasa umeharibika, na hilo utakuwa umeshaniambia.

Kaka yako