Barua ya wazi kwa grupu letu la kuacha sigara: mrudisheni baba wa Kaliua

Wanangu, wadogo zangu, na nyie wachache mlionitangulia umri, nyie nawaamkia shikamooni. Leo naandika ndefu. Someni mpaka mwisho, msiniwekee dole halafu mkapita.

Jumatano usiku baba yetu wa Kaliua, mkulima wa tumbaku anayepigwa mionzi ya saratani ya koo, aliandika humu mstari mmoja tu. "Wapendwa leo nimeshindwa, nimevuta mbili." Hakuomba pesa, hakumtukana mtu. Ndani ya robo saa huyu kamrushia picha ya mapafu meusi, yule kamwambia unatuangusha mzee, mwingine kaleta voisi ya mahubiri mpaka na aya, halafu wewe adimini, mwanangu nakupenda lakini hapa nakusema mbele za watu, ukamtoa kwa sababu eti grupu ni la walioacha. Mie nilikuwa nimeshalala. Alhamisi hakutokea kwenye mashine ya mionzi, Ijumaa asubuhi hakutokea, sista ndo kanipigia kuniuliza yule mzee wenu yuko wapi mbona simu hapokei.

Sasa tuelewane. Sigara mbili katikati ya mionzi ni kitu kibaya, asije mtu akasema bibi kahalalisha. Moshi una kaboni monoksaidi, na hiyo sumu inang'ang'ania kwenye damu pale ambapo oksijeni ingekaa, na mionzi ili iue uvimbe vizuri inataka uvimbe uwe na oksijeni. Ukivuta halafu ukaenda kwenye mashine ni kama kufunika jiko la mkaa kisha unalaumu chungu hakichemki. Tena vidonda vya mdomoni na kooni vinazidi na vinachelewa kupona, mwisho mtu hamezi hata uji, anawekewa mpira wa kulishia. Na mwenye mionzi ya koo analazwa kafungwa ile barakoa ya plastiki iliyobanwa mezani, hatakiwi hata kugeuza shingo, kikohozi cha mvutaji kikimkaba mle ndani inabidi anyooshe mkono wasimamishe mashine mpaka atulie. Huyu baba kanieleza mwenyewe, na akitoka pale paji la uso lina alama za vitundu vya ile barakoa kama kalalia ungo.

Lakini kukosa mashine ni balaa jingine. Mionzi ya koo kwa kawaida inapigwa siku 5 kwa wiki, wiki 6 au 7 mfululizo, na ule mfululizo haukupangwa kwa kubahatisha. Ukikatiza, seli za saratani zinapata upenyo wa kuzaliana tena, ndo maana kwa saratani za kichwa na shingo madaktari wanahangaika hata kwa siku moja iliyoruka. Kwa hiyo mlitaka kumwokoa na fegi, mkamkosesha matibabu. Mnaona hesabu yenu?

Na hivi mnadhani kwanini aliandika? Mtu anayevuta kwa raha zake haandiki, ananyamaza, anatafuna pipi ya minti, anakuja Jumamosi kikaoni anatabasamu. Wapo humu, nawajua, na siwataji.

Aibu hii naijua kuliko nyie wanaume. Mwanaume akivuta anaitwa mvutaji, mwanamke akivuta anaitwa majina ambayo siyaandiki humu kuna vijana. Nilipolazwa kwa saratani ya shingo ya kizazi kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa makamo, mtu wa heshima zake, kanga haimdondoki. Daktari kamuuliza unavuta, na mkwewe kasimama pale pale na chupa ya uji. Mlitegemea aseme nini? Akasema sivuti. Basi ikaandikwa havuti, na kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza tena wala kumweleza kuwa mionzi ya nyonga kwa mvutaji inaharibu utumbo na kibofu zaidi, tumbo likamwendesha wiki nzima wanamtafutia sababu kwenye maharage.

Usiku mmoja nikamkuta chooni, kajitanda kanga mpaka kichwani, moshi anautolea dirishani. Sikumwambia kitu. Nilisimama naye mpaka akamaliza, akalia, tukarudi wodini. Kesho yake tukapatana hivi, arosto, ile hamu kali ya fegi, ikimshika mmoja asishuke kitandani, agonge kile chuma cha kitanda kwa pete, mwenzie aamke waongee. Tunaongea nini? Upuuzi mtupu. Bei ya nazi, nani kaolewa Pangani, nani kaachika. Maana arosto hata iwe kali vipi haikai, dakika tano, kumi ikizidi sana, inapanda halafu inashuka yenyewe, ila zile dakika ukiwa peke yako gizani utadhani ndo usiku mzima. Na tulikuwa na ukili tunasuka, kwa sababu mkono wa mvutaji ukikaa bure unatafuta kitu cha kushika. Mkeka wenyewe ulitoka mbovu, huku mpana huku mwembamba, uko kwangu mpaka leo na wajukuu wanaucheka. Hakuna semina iliyotufundisha hilo. Hakuna aliyemwonyesha mwenzie picha ya mapafu, jamani mtu yuko wodi ya saratani, picha ya nini tena?

Kwa hiyo mtu akiandika humu "nimevuta", nataka aulizwe maswali ya binadamu. Uko wapi saa hizi? Uko na nani? Umekula? Kesho mashine saa ngapi na nani anakupeleka? Hayo kwanza. Kesho yake akishatulia ndo unamuuliza taratibu ilikuwa saa ngapi, ilitanguliwa na nini, fegi kaipata wapi, ili siku nyingine mlango ule ule uzibwe. Kuteleza sio kurudi kuvuta. Kunageuka kurudi pale mtu anapoona ameshaharibu na ameshafukuzwa, basi bora amalize pakiti.

Nimemfuata Ijumaa jioni kwa shemeji yake Mbagala. Kakaa barazani na kidaftari cha kurasa za mistari, kuongea kunamuuma siku hizi kwa hiyo anaandika, unamuuliza anakuandikia. Akaniandikia kuwa Jumatano mwanae alipiga simu kutoka nyumbani, bani, lile banda la kukaushia tumbaku, limeshika moto, tumbaku yote ya msimu imeteketea humo ndani na mkopo wa mbolea bado wanadaiwa. Akatoka nje kutembea. Hatua chache tu kuna kibanda, fegi zinauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ili usihitaji hata kuwa na chako. Ndo hivo. Mlimuuliza nyie? Hakuna aliyemuuliza.

Na hapa nitoke kidogo nje ya grupu. Huyu mtu kaanza kuchuma majani ya tumbaku akiwa mtoto. Majani yakiwa na umande nikotini inapita kwenye ngozi, watoto wanapata kizunguzungu na kutapika, nyumbani wanaambiwa malaria. Bati la nyumba yake ni tumbaku, ada za watoto ni tumbaku, chama cha msingi cha ushirika ni tumbaku, na nchi nzima tunafurahia dola za tumbaku. Leo koo limeoza tunamwambia alijitakia. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, nenda leo kaangalie vibanda nje ya mageti ya hospitali unieleze mkataba uko wapi. Majirani zetu Kenya sheria yao ya 2007 imekataza kuuza moja moja, na bado ukipita mtaani utazipata. Dawa za kusaidia kuacha, zile plasta na bigijii za nikotini, WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, zunguka maduka ya dawa uone utakavyoangaliwa. Fegi ipo kila kona, plasta mpaka uwe na mtu. Halafu mgonjwa anapewa ushauri wa dakika mbili, "mzee acha sigara," mwingine aingie.

Na kuna hawa ndugu. Anakuja kumwona mgonjwa, badala ya machungwa kaleta pakiti, anakwambia mwacheni avute, si ameshaugua, kuacha sasa hivi kuna faida gani. Wallahi huyu ndo ananikera kuliko wote, kwa sababu anasema kwa huruma na watu wanaitikia. Faida ipo kubwa. Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2014, ikasema wazi kwamba mgonjwa wa saratani anayeendelea kuvuta yuko kwenye hatari zaidi ya kufa, kwa saratani yenyewe na kwa mengine, na zaidi ya kupata saratani nyingine mpya, na kwamba kuacha kunaboresha hali yake. Ile sumu ya moshi niliyoisema inaanza kutoka kwenye damu ndani ya saa chache tu. Aliyefanyiwa operesheni kidonda chake kinafunga vizuri zaidi. Hata yule ambaye madaktari wamesema hawezi kupona, akiacha anaweza kupumua vizuri zaidi kidogo, na kwa mgonjwa hiyo kidogo sio ndogo. Ndugu kama huyo mtoeni nje kwa adabu, na pakiti yake.

Mengine nayataja haraka maana mnayajua. Shisha ni tumbaku, haijalishi inanukia embe. Ugoro na kuberi, ile tumbaku ya kubana mdomoni, navyo vinaleta saratani ya mdomo, kwa hiyo usijisifu umeacha fegi wakati shavu limevimba. Ukitaka plasta au bigijii muulize daktari wako kwanza, na mwenye vidonda mdomoni bigijii itamtesa, plasta ndo yake. Mdomo ukikauka kunywa maji kidogo kidogo, ya kusukutua msinunue yenye spiriti. Siku tatu za mwanzo ndo za moto, baada ya wiki mbili mpaka nne hasira na kukosa usingizi vinapungua. Kama fegi yako ilikuwa na kahawa, hamia chai. Viberiti vyote nje. Na mwambie sista ukweli, kama huwezi mbele ya mkweo mwandikie kikaratasi.

Waliomaliza matibabu, na nyie nina neno. Mkishapiga ile picha ya siku ya mwisho mnapotea. Mnadhani kazi imeisha, kumbe wodini ulikuwa umezungukwa na watu wa kukushika mkono na nyumbani umerudi kijiweni kule kule, rafiki wale wale, na hofu ya kila kliniki ya marudio. Wengi wanarudia miezi hiyo, sio wakati wa mionzi. Baba wa Kaliua akimaliza inshallah anarudi mahali ambapo tumbaku inaning'inia juu ya kichwa chake, sasa huyo utamwambia aepuke mazingira ya tumbaku? Atahitaji mtu wa kumpigia, na kwa kuwa sauti inamsumbua mtu wa kumwandikia, tena mkulima mwenzie ikiwezekana. Mama wa Urambo uliyemaliza mwaka jana, nakuangalia wewe.

Tukifiwa pia tuwe na utaratibu. Juzi mtu kaweka picha ya jeneza saa sita usiku bila neno la mbele wala la nyuma, wawili siku ile walinipigia wako barazani na fegi mkononi. Taarifa ya msiba iwekwe asubuhi, na wenye mionzi wapigiwe kwanza.

Sasa ya kufanya. Adimini, mrudishe leo, na usimwekee masharti wala karibu tena ya mbwembwe, mwingize tu. Aliyetuma ile picha aifute. Wa voisi ya aya, aya ni nzuri, mpelekee uso kwa uso na uji. Jumatatu nampeleka mimi mwenyewe kwenye mashine, nimeshaongea na sista, wataangalia jinsi ya kufidia zile siku mbili alizokosa. Nahitaji mmoja wa kumrudisha Mbagala, mwenye bajaji anajijua.

Na kuanzia wiki hii tunaanza zamu ya simu za usiku, kuanzia saa nne mpaka alfajiri, mtu mmoja simu haizimwi na haiwi kimya. Arosto ikikushika unapiga, kama huna vocha unabip, unapigiwa. Wiki hii ni mimi. Ya wiki ijayo nataka jina kabla ya Jumamosi, na msijitaje wote kumi leo kwa moto wa barua halafu siku ikifika mmoja ana harusi mwingine simu imeingia maji, ninyi nawajua.