Saruji nyingi si dawa ya barabara mbovu

Mhariri,

Barua za wasomaji kuhusu barabara zetu za West Nile, Uganda, huishia kwenye shutuma moja: mkandarasi kabania saruji. Wabanaji wapo, sikatai. Lakini kazi yangu ni kupima udongo maabara, na kinachonitia wasiwasi zaidi ni viongozi wetu wa LC (mabaraza ya mitaa) wanaodai mifuko iongezwe, kana kwamba barabara ni nguzo ya ghorofa.

Maramu, yaani udongo wa changarawe wa kujengea barabara, iliyochanganywa na saruji ina kiwango cha chini cha nguvu, na cha juu pia kipo. Mwongozo wa barabara wa Uingereza wa 1993 kwa nchi za joto unataka tabaka la msingi la daraja la kwanza lifike megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuhimili mgandamizo) 3 hadi 6, na la pili 1.5 hadi 3. Ukizidisha saruji, tabaka linakuwa gumu mno, linasinyaa na kupasuka. Ufa unapanda hadi juu ya lami, maji ya mvua yanapenya, na mashimo yanaanza hapo.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye mifuko kabisa. Saruji ikishakutana na maji haimsubiri mtu: ikichanganywa saa nne asubuhi, rola iwe imemaliza kushindilia kufikia saa sita. Kisha siku 7 tabaka libaki na unyevu au lifunikwe. Jua la Januari hapa Arua unalijua. Boza likichelewa siku moja tu, uso umekauka, hewa ukaa imeingia, saruji imepoteza nguvu. Wakati huo kipande cha kupimia, cha mchanganyiko huohuo, kimefungwa plastiki kivulini maabara, na kitafaulu vizuri tu.

Kuna kipimo rahisi. Chimba kidogo, mwagia finolfthaleini, kemikali ya maji inayobadili rangi, palipovunjwa sasa hivi. Penye saruji iliyo salama panageuka waridi. Palipoharibiwa na hewa panabaki na rangi ya udongo. Nimeona sentimita kadhaa za juu zikikataa kugeuka, juu ya tabaka ambalo karatasi zake zote zilikuwa safi.

Naiomba Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iagize kibao cha kila mradi kionyeshe viwango vyote viwili, cha chini na cha juu, pamoja na matokeo ya siku 7. Na kipimo hicho cha rangi kifanyike barabarani, mbele ya viongozi wa LC, kabla lami haijamwagwa.

Fundi wa maabara ya udongo,
Arua