Daftari la ahadi lisifunguliwe mbele ya jeneza

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo na mzee wa kanisa. Mwezi uliopita tulimzika bibi jirani yangu. Kabla ya ibada, kiongozi mmoja alifungua daftari la ahadi, akashusha kidole mstari kwa mstari, akatangaza kuwa marehemu anadaiwa sadaka ya mavuno ya miaka miwili. Wanawe wakachanga pale pale, noti za elfu mbili mbili. Miaka hiyo mvua ilikata mapema; uwele wa bibi haukujaa hata debe.

Iliniuma sana, kana kwamba wokovu wa bibi ulitegemea deni lile. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Yule mhalifu msalabani alimtolea nani sadaka? Alimwomba Yesu amkumbuke, akaahidiwa peponi siku ile ile. Hata Walutheri na Wakatoliki, waliofarakana kwa jambo hili tangu karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1999, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu.

Sadaka natoa, tena kwa furaha, maana ni shukrani. Ila wachungaji, nawasihi: siku ya mazishi daftari libaki ofisini.

Mzee wa kanisa,
Hombolo, Dodoma