Mkija Bagamoyo msikimbilie ufukweni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaseme ndugu zetu wa Dar, maana kila wikiendi na kila sikukuu tunawaona huku. Koasta zinaingia saa tano asubuhi, spika mpaka juu, watu wanashukia ufukweni moja kwa moja, wanaogelea, wanakula, wanapiga selfi, saa kumi na moja hao wanawahi foleni ya Bunju na Tegeta, wakifika kwao wanasema Bagamoyo hakuna kitu, magofu tu. Sasa hayo magofu mmeyaona saa ngapi?

Mimi mkazi wa hapa na sina chuki na mgeni, wageni ndio riziki ya wengi. Shida yenu ni mpangilio tu. Ukianza na bahari ukiwa na watoto siku imekwisha, mtoto akishalowa nani atamtoa majini aje kuangalia msikiti wa karne ya 13? Na bahari yetu ina saa zake, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli kweli, inabaki michanga na tope, unamkuta baba wa watu kajifunga boya anatafuta pa kuogelea. Uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi ndio upange safari.

Idi iliyopita dada yangu alikuja na shemeji na watoto, nikawaambia tokeni alfajiri, toka Dar ni kama kilomita 70 tu. Tukaanza Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, jua halijawa kali. Pale kuna mabaki ya misikiti ya mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo, na zamani hiyo ilikuwa bandari kabisa, baadaye mikoko na tope vikajaa watu wakahamia huku mjini. Kuna na kijumba cha makumbusho chenye vyombo vya udongo vilivyotoka mpaka China. Watoto wao waliushika mbuyu, wameambiwa ukiuzunguka unaongezewa siku za kuishi, basi shemeji akazunguka kuliko hata watoto. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo hilo la gharama msilete.

Kutoka hapo tukaenda Misheni, ile ya mapadre waliotokea Unguja mwaka 1868. Hapo ndipo tulipokaa sana. Kwenye makumbusho kuna minyororo ya watumwa, na watoto wakinyamaza wenyewe bila kuambiwa ujue kimewaingia. Halafu kuna mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Shuleni wanafundishwa Livingstone, sawa, ila mpwa wangu wa darasa la tano akauliza, "Mjomba, kwani alifikaje hapa na alishakufa?" Eeh, hilo ndilo swali! Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na waliombeba mpaka pwani ni watumishi wake Waafrika, kina Susi na Chuma na wenzao, miezi na miezi kwa miguu, njaa, magonjwa, moyo wakauzika kule kule chini ya mti. Walipofika hapa wakalipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha. Meli ikaondoka na mwili. Chuma alikuja kufia Unguja mwaka 1882, Susi naye huko huko 1891. Mtoto kaondoka na majina hayo mawili, na mimi naona hiyo peke yake inalipa nauli.

Mji Mkongwe tembeeni kwa miguu, gari mliache. Tafuteni kijana mwenyeji awaongoze, mumlipe vizuri. Pitieni Ngome Kongwe, Wajerumani waliifanya kambi Waingereza wakaifanya gereza, kisha Boma la mwaka 1897, na milango ya nakshi kwenye nyumba ambazo nyingine zinaanguka hivi hivi tunaziona. Wahusika wakitusikia watuwekee vibao vya Kiswahili na mabenchi kivulini, bibi na babu hawawezi kusimama kutwa. Na jamani, mjini kuna watu wanaishi, msipite na nguo za kuogelea mbele ya misikiti. Halafu mkumbuke huu mji ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 ndio wakahamia huko kwenu, kwa hiyo heshimuni kaka mkubwa.

Mchana mkiwa na njaa nendeni soko la samaki, wanakaangwa pale pale, pweza wapo, muhogo upo, mama wanaokaanga wanajua kazi yao. Mkibahatika mtasikia ngoma za wanafunzi wa Chuo cha Sanaa wakifanya mazoezi. Baada ya hapo ndio muende kuogelea hata mpaka jioni, hakuna atakayewasema.

Na madereva wa Koasta, mkiombwa kupitia Kaole msiseme barabara mbaya, sisi tunapita kila siku na bodaboda.

Mjomba wa Dunda,
Bagamoyo